Muda Ambao Ankara Haikuuhesabu

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako siku hizi inatoka kwa shida, basi usijilazimishe, nimeshaipokea. Mgongo unaendeleaje? Unakula? Dada Mwajuma ameniambia unaonja uji kidogo kisha unasukuma bakuli. Kula, Mama, tafadhali. Mimi huku Maskati ni mzima wa mwili tu.

Barua hii anakuja nayo mwenzangu wa chumbani, mtu wa Mingoyo, aliyemaliza mkataba wake. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nashindwa. Kila ukiniuliza, "Mdogo wako alikufa peke yake?" nasingizia mtandao, nakata. Halafu nasikia huko kwetu Tingi wanasema Shomari alikutwa juu ya paa, amekaushwa na jua, hana mtu. Huo ni uongo. Mwajuma akusomee polepole, nitakueleza yote, ila itabidi nianze na kazi yangu, maana bila hiyo hutanielewa.

Unajua nilitolewa kwenye ufundi nikawekwa ofisini kwa sababu ya kompyuta. Shomari alipokuja akawa fundi wa viyoyozi. Akienda nyumbani kwa mteja, ananitumia ujumbe wa saa aliyoanza na saa aliyomaliza. Mimi naingiza kwenye ekseli, na kuna fomula niliyoiweka mwenyewe, inakadiria muda kwa robo saa iliyo karibu, na huo ndio unaokwenda kwenye ankara. Fundi akifanya kazi dakika hamsini na saba, inaandika saa moja. Akifanya dakika sitini na tano, inaandika saa moja vilevile, zile tano zinaliwa. Ni kama karani wa ghala la korosho: mshale wa mizani ukisimama kati ya namba na namba, yeye anakusomea namba nzima, na wewe huna la kusema.

Sasa Shomari alipofika alitutia kwenye kasheshe. Yeye alihesabu kazi tangu anapopiga hodi mpaka anapoaga. Kahawa humo, tende humo, habari za wajukuu wa mwenye nyumba humo humo. Wateja wakaja juu: kubadilisha feni tu ndiyo saa tatu? Bosi akaniita mimi, mimi nikamwita yeye. Nikamwambia, "Andika tangu unaposhika spana mpaka unapoiweka chini. Ukimaliza, toka." Akacheka, unamjua alivyo. "Kaka, nitoke kwa watu kama mwizi? Kanipa maji nimekunywa, nisimuulize hali?" Nikamwambia hapa si Tingi. Akasema, "Haya, nitakuandikia ya spana. Inayobaki ni yangu." Na kweli akawa anafanya hivyo.

Siku ile alikwenda kwa bibi mmoja mjane, Mwarabu mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake kinatushinda sisi. Baada ya adhuhuri nikapata ujumbe kwamba amemaliza. Nikaingiza, fomula ikatoa saa moja, nikatayarisha ankara. Kulikuwa na kazi nyingine inamsubiri, nikampigia. Kimya. Nikapiga tena nimeshakasirika, najisemea leo tena kahawa imemnogea. Akapokea yule bibi.

"Mwenye simu hii ni nani wako?"

Nikamwambia ni mdogo wangu, tumbo moja. Akasema, "Njoo, mwanangu. Njoo taratibu, usikimbize gari."

Nilimkuta amelazwa juu ya zulia sebuleni, kichwa kwenye mapaja ya yule bibi. Watu wa gari la wagonjwa walikuwa wameshafika, wamesimama tu. Wakasema ni moyo. Mama, kijana aliyekuwa akikwea mnazi na panga kiunoni, leo naambiwa moyo. Sikulia pale. Nilimshika mguu, nikaona soksi imetoboka kidoleni, nikawa naivuta nimfunike.

Bibi ndiye aliyenisimulia. Shomari alikuwa ameshafunga mkoba wake wa vifaa. Akakaribishwa kahawa, akakaa. Akamweleza habari zako, unavyopika muhogo wa nazi, unavyowatukana nyani shambani kwa Kimatumbi mpaka wanakimbia. Bibi alikuwa bado anacheka Shomari aliposema kifua kinambana. Akamlaza, akamtuma mtumishi aite watu, yeye mwenyewe hakubanduka. Akamsomea shahada, na Shomari akaifuata mpaka mwisho, sauti imeshakuwa ndogo. Macho yake aliyafumba bibi huyo kwa mkono wake.

Nalia nikiandika, mwambie Mwajuma asishangae karatasi ilivyo.

Baada ya maziko nilirudi kazini. Bosi akaniambia ile ankara niifute, na kwa hilo namshukuru, lakini kabla sijaifuta bibi alikuja mwenyewe kulipa. Akaitazama, akauliza, "Mbona mmeandika saa moja?" Nikamweleza mambo ya spana, robo saa, fomula. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Akasema, "Hiyo saa moja alikuwa na mashine yangu. Muda wote uliobaki alikuwa na mimi. Mwambie mama yenu hivyo." Nilishindwa hata kumwandikia risiti, akaandika mwenzangu.

Basi ndilo jibu lako, Mama. Hakufa peke yake. Angenisikiliza mimi angetoka pale mara tu baada ya kazi, mauti yangemkuta barabarani ndani ya gari, peke yake, na leo tusingekuwa na la kusimuliana. Watu wananiambia kazi ya Mungu haina makosa. Naitikia, lakini moyo hausikii. Kama mimi ndugu niko hivi, sijui wewe uliyemzaa unalalaje. Nimeomba ruhusa nije kwenye arobaini, bado sijajibiwa.

Nisalimie mjomba Athumani, mwambie nimepata habari alivyosimama kwenye matanga, Mungu amlipe. Bibi mzaa baba huko Mitole, kama bado mmemficha, mwambieni sasa, atasikia kwa watu wengine. Mwajuma asiache kulala na wewe. Na yule mchumba wa Shomari, sina la kumwambia, muite tu aje akae karibu yako.

Limebaki moja ambalo kwenye simu sikuweza kabisa. Wenyeji wa hapa hawana desturi ya kumsomea maiti talkini kaburini, wakishafukia wanaomba dua wanaondoka. Mimi sikukubali. Nilimwomba mpishi mmoja wa kwetu, aliyesomesha chuo cha Kurani kabla ya kuja huku, amsomee kama tunavyosomewa nyumbani. Akachutama upande wa kichwani, akanigeukia akauliza, "Jina la mama yake?"

Mama, tangu nizaliwe sijalitamka jina lako. Nani kwetu anamtaja mzazi wake hivyo? Nilifungua mdomo halikutoka. Watu wamesimama juani wananingoja. Mwishowe nikalisema, naye akainamia udongo akamwita, "Ewe Shomari, mwana wa Somoe." Akamwita tena, na tena. Wanasema maiti husikia pale. Basi jina la mwisho alilolisikia mdogo wangu katika dunia hii ni lako.

Mwanao,
Abdala