Skrubu za Kitanda cha Vero

Jumatatu, 1 Juni 1992
Nimenoa patasi asubuhi nzima. Bure tu. Mashaka, mwenzangu hapa karakana ya Mwembesongo, hazigusi tena. Tangu maduka yajae vitu vya nje ana drili ya umeme na kifaa cha kutobolea matundu ya mshazari. Skrubu ndani, basi, mbao zimeshikana. Kitanda kwa siku moja! Zamani tulichonga ulimi kwenye ncha ya ubao, tukautobolea tundu lake kwenye ubao wa pili. Wateja wanataka haraka. Hata kitanda cha harusi cha binti yangu Vero tulikifunga kwa skrubu. Mninga mbichi wa Kisaki, katikati ya masika.

Jumamosi, 13 Juni
Jua kali. Meza ya skrubu iliyobaki karakanani imealika, paa! Mguu umepasuka palepale kwenye tundu. Ubao ukikauka unasinyaa. Ulimi unauachia nafasi, skrubu haiuachii. Mashaka kacheka: "Mzee, una wasiwasi wa bure." Nimemtukana.

Jumanne, 23 Juni
Mke wangu karudi kutoka mlimani kwa Vero. Mimba ya Vero imekuwa kubwa. Kitanda kinalia kila akigeuka, anasema. Vero na mumewe wanataniana tu. Mimi nimeogopa.

Jumatano, 24 Juni
Nimepanda huko na nyundo kikapuni. Nimeishia sebuleni. Baba haingii chumba anacholala binti yake na mumewe. Ni mwiko. Nimeomba wakitoe nje nikikague. Mama mkwe wa Vero kanuna: kitanda cha maharusi kikionekana uani mchana, watu watasema ndoa imevunjika. Basi walale chini, nimesema. "Ndiyo, baba," Vero kajibu, macho pembeni. Nimekunywa chai nikashuka. Mjinga mimi!

Jumamosi, 4 Julai
Upepo mkavu. Meza imepasuka mguu wa pili. Kesho baada ya misa napanda. Nitaingia humo chumbani, liwalo na liwe.

Jumapili, 5 Julai
Misa sikuimaliza. Shemeji yake Vero kaja kanisani akihema. Kitanda kimevunjika alfajiri, Vero yuko juu yake. Anatoka damu.

Jumatano, 8 Julai
Mtoto tulimzika juzi.

Leo nimeingia chumbani. Hakuna aliyenizuia. Ubavu wa kitanda uko sakafuni. Skrubu zote nzima, zinang'aa. Mninga ndio uliochanika. Vero kalala mkekani, kanipa mgongo. Nimekaa chini karibu naye. Mama mkwe wake kaleta uji, akaniwekea na mimi kikombe.