Parma Haikunizomea

Parma, 9 Februari 1957

Mpendwa dada yangu Zaira,

Pokea salamu kutoka kwenye ukungu wetu huu usiokwisha. Hamjambo huko Rosario? Mgongo wa shemeji Oreste umepata nafuu? Mimi ni mzima, ila nimechoka, Zaira. Nimechoka kweli.

Uliniuliza kama nitaendelea kuimba opera. Nilikujibu kwamba atakayeamua si daktari wa koo, ni Parma. Basi imeshaamua.

Alhamisi niliimba sehemu yangu ileile ya baba anayemlilia binti yake. Unawajua watu wa roshani ya juu, wale wa tiketi rahisi. Kila nota ya wimbo wanayo kichwani, na ukikosea ni miluzi mpaka ushuke jukwaani. Mara yangu ya kwanza walinipigia kelele, "Wee Ermete, rudi ukakamue ng'ombe wa baba yako!" Nililia kwa hasira, nikafanya mazoezi mwaka mzima, nikarudi nikawanyamazisha. Wale humzomea mtu wanayeamini kwamba anaweza.

Safari hii, nilipofika kwenye nota ya juu, sauti ilikatika. Ilikatika kabisa, nikabaki nimeachama mbele ya ukumbi mzima. Nikasubiri miluzi. Haikuja. Walipiga makofi ya taratibu, ya adabu, kama ya wageni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Kwenye mlango wa nyuma alinisubiri Fausto fundi viatu, yule mwenye mdomo kuliko wote kule juu. Kofia ameishika mkononi.

"Pole, kaka. Umejitahidi."

"Umejitahidi ndiyo nini? Mbona hukunizomea?"

Akatazama chini. "Sasa nani atamzomea mgonjwa?"

"Mimi si mgonjwa, Fausto!"

"Najua," akasema, akanipokea begi akanisindikiza mpaka nyumbani. Njia nzima hakunitania hata mara moja.

Asubuhi nilikwenda kwa meneja wa ukumbi, nikamwambia atafute baritoni mwingine, mwenye sauti kama yangu, wa kuimba Jumapili. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza sababu, hata kubishana naye kidogo. Hakuuliza kitu, Zaira. Alikuwa ameshampata.

Nisalimie Oreste na wapwa zangu, Ilde na mdogo wake Learco. Mungu awafunike kwa baraka zake huko mliko.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye siku zote,

Ermete