Mwale Uliorudisha Sinia

Jumamosi, alasiri. Upepo umekatika, fukuto limejaa nyumba nzima, na mimi nina hasira tangu juzi.

Sinia limerudi.

Ni lile sinia langu la shaba, nililolipeleka kwa Bwana Aboud na mkewe Bi Maryamu likiwa na halua, udi na kitambaa cha hariri, kumposea mwanangu Athmani binti yao Zuhura. Walilipokea, wakala halua, wakatuahidi harusi baada ya mfungo. Juzi mtumishi wao akaliweka mlangoni kwangu, hariri na udi vimo, halua haimo kwa kuwa ilikwisha kuliwa. Hapa Amu sinia likirudi hivyo posa imevunjika, hakuna haja ya maneno.

Kisa ni mwale.

Naona haya hata kuandika. Athmani ni fundi wa umeme katika meli ya doria inayotia nanga kati yetu na Manda tangu vita vya mashifta vianze huko bara. Msimu uliopita Mzungu mmoja alishuka kwenye ndege pale Manda na masanduku yake, akitaka kuiuzia Serikali silaha ya mwanga. Si bunduki, si mzinga. Ni mwale mwekundu, mwembamba, unaotoka ndani ya kijiti cha jiwe, na alisema utachoma mashua ya adui kutoka mbali bila risasi wala moshi. Waliomsikiliza ni watu wazima wenye vyeo mabegani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilitembezwa kutoka Ulaya.

Athmani mwenyewe alinisimulia majaribio yalivyokwenda, siku ile ile, akila wali huku akicheka. Walitundika tanga kuukuu ufukweni Manda ndilo liwe adui. Ili mashine ile ipate umeme wa kutosha, ikabidi wazime feni, taa na friji la meli. Wakangoja ishibe. Ikamulika mara moja, kufumba na kufumbua, kisha ikahitaji kupumzika kama bibi harusi. Tanga likatulia pale pale. Mzungu akasema meli inayumba. Wakangoja maji yatulie. Akasema kioo kimepata ukungu. Wakafuta kioo kwa shati la mtu, chumvi ikaruka ikakaa tena. Akasema hewa ina unyevu mno, inaunywa mwanga wake. Sasa Mzungu huyu, kisiwani, alitarajia hewa ya namna gani?

Mwisho nahodha akachoka, akataka aone inachoma nini basi. Mzungu akaweka wembe mezani, akausogeza karibu kabisa, akaufyatulia. Ukatoboka tundu dogo. Watu wakapiga makofi. Huku nyuma nyama ya meli imeanza kunuka, na mpishi Musyoka, kijana wa Kikamba, anaimwaga baharini akitukana kwa lugha yao.

Yaani adui aje karibu, anyamaze, asitikisike, siku iwe kavu, na wembe alete mwenyewe. Mimi nina sindano ya kushonea kofia inayotoboa vizuri zaidi, na haijaniozeshea nyama hata siku moja.

Huo ndio ukweli, na mwanangu aliujua. Kwa muda mrefu masanduku yale yalibaki melini, katika kistoo alichokuwa akilala Musyoka pamoja na Athmani, mpaka Mzungu alipokuja kuyachukua akaenda zake kutafuta wajinga wengine.

Lakini ukweli huo haukufika barazani.

Posa ilipopokelewa, Athmani alikaribishwa kukaa na wanaume katika daka la Bwana Aboud, pale kwenye viti vya mawe mlangoni. Mmoja wao akamtania, akamwuliza hiyo meli yenu hufanya nini zaidi ya kunywa mafuta ya Serikali. Kijana anamtazama baba mkwe, anataka kuonekana mtu. Akawaambia wanao mwale melini unaochoma mashua kutoka hapa mpaka Manda. Akawaambia lile tanga liliteketea likawa majivu. Akawaambia yeye ndiye mwenye kuuwasha, na usiku hulala nao ubavuni kuulinda.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Wanaume wa daka lile hawana kazi, ila wana hesabu. Kwanza walimsifu. Kisha wakakaa wakafikiri, jambo ambalo wangelikwepa tungelishukuru. Mwale ukiteketeza tanga lililoko Manda, utamfanya nini mtu anayelala nao? Mzee mmoja akatoa hukumu, na hukumu yake ikazunguka mji kabla ya adhana ya magharibi: “Huyo mbeu yake ishapikwa.” Wengine wakaongeza kuwa ndiyo maana kamba wamepungua Kizingitini, na ndiyo maana kuku wa fulani ameatamia mayai bila kuangua. Kuku yule ana umri wa kuwa nyanya, lakini hilo halikutajwa.

Basi mwanangu akawa tasa kwa shauri la baraza.

Nilipolipata hilo nilimfokea mpaka koo likanikauka. Kisha nikamwambia njia ni moja, akasimame pale pale alipodanganya aseme kuwa alidanganya. Akasema atafedheheka. Mficha uchi hazai, nikamwambia, na wewe ndio kwanza unataka kuzaa.

Alikwenda jana baada ya sala ya Ijumaa. Nyumba yetu na ya Bwana Aboud zinatazamana, njia iliyo katikati inamtosha punda mmoja tu, na juu ya njia kuna wikio, kile chumba cha kuvukia ambacho sisi wanawake hupita kwenda nyumba ya pili bila kushuka chini. Nilikaa wikioni, dirisha wazi, nikasikia kila kitu.

“Bwana Aboud, na nyote mloketi,” akasema, “nalisema urongo. Mwangaza ule haukuunguza kitu. Ulitoboa wembe, na wembe wenyewe uko mezani.”

Nikasikia kikombe cha kahawa kikiwekwa.

“Serikali imekuamrisha useme hivyo?” akauliza Bwana Aboud.

“La, Bwana.”

“Ungaliamrishwa ungaliyibu vivyo hivyo.”

Wakaguna wote kwa kukubali, kama watu waliokwisha kuona ndani ya sanduku. Athmani akaapa. Wakasema maskini, ametishwa. Akaeleza habari za friji na nyama. Wakasema ona, hata nyama iliharibika, je mtu? Kila alivyozidi kukanusha ndivyo mwale ulivyozidi kuwa mkali. Mwisho alikuwa akipiga kelele kuwa yeye ni muongo, na wazee wazima wanambembeleza kuwa ni mkweli.

Nilitaka kucheka. Nikajikuta nauma leso. Ni mwanangu yule, na sauti ilikuwa imeanza kumkatika.

Sijui nani nimdharau zaidi. Mzungu alidanganya kwa sababu ana cha kuuza, mwanangu kwa sababu anapenda. Lakini hawa wa barazani wameng'ang'ania uongo ambao mwenyewe ameshautupa, na hawapati chochote.

Leo asubuhi nilijitanda leso nikavuka wikio.

Bi Maryamu alinipokea kwa adabu ya kutosha kuniudhi. Kahawa, tende, habari za nyumbani. Nikamwacha amalize. Halafu nikamwuliza kuhusu wapangaji wake wa chumba cha chini, mpishi Musyoka na mkewe Ruth.

“Musyoka akiwa melini hulala wapi?” nikamwuliza.

“Mimi nitayuaye?”

“Alilala stoo moya na Athmani. Yale masanduku yalikuwa kati yao.”

Kutoka chini tukamsikia Ruth anatapika. Anatapika kila asubuhi. Hata mimi namsikia kutoka kwangu. Kwenye sahani pembeni ya Bi Maryamu zilikuwepo ndimu za chumvi, alizokuwa akimchagulia Ruth kwa mkono wake mwenyewe amtulize kichefuchefu. Mimba ni changa, imeingia baada ya Mzungu kuondoka na masanduku yake. Majuma yote haya mwanamke huyu anauguza ushahidi chini ya dari lake, na juu ya dari analia kwamba binti yake ataolewa na mkavu.

Akazitazama zile ndimu. Nikamwona anahesabu miezi.

“Nawe wayua ni ya Musyoka?” akasema hatimaye.

“Ruth yuko tini hapa. Shuka umuulize.”

Hakushuka. Midomo ikamcheza, akataka kucheka akajizuia. Kisha uso ukamrudi ule ule, nami nikajua sijashinda.

“Haya, si tasa,” akasema. “Basi ni mrongo. Nisimpe mwanangu mgumba, nimpe mrongo?”

Mwanamke mwenye ulimi kama wangu, nikakaa nikiitazama tende. Maana ni kweli. Njia yote niliyoikata kumtoa mwanangu kwenye utasa ilikuwa inaishia hapo hapo kwenye uongo, na uongo aliusema kwa kinywa chake.

Ndipo Zuhura akasema. Alikuwa nyuma ya pazia la ndani na ungo wa kupembulia mchele, na sikujua hata kama yumo. Msichana huyu sijawahi kumsikia akisema zaidi ya shikamoo.

“Mama, yana mimi nali nyuma ya mlango wa daka,” akasema. “Wazee wote walimwambia ni kweli. Wamemfungulia ndia atoke na heshima yake. Naye akashikilia ni urongo mpaka sauti ikamwisha. Mimi nimemwamini.”

Akaendelea kupembua mchele, nami nikasikia chuya zikidondoka sakafuni. Bi Maryamu alimenya ndimu ambayo haikuhitaji kumenywa. Nilipoinuka kuaga nilikuwa sina tumaini.

Nilipofika mlango wa wikio akaniita.

“Ile halua yako,” akasema, bila kunitazama. “Iliki ilikuwa haba. Safari hii usifanye choyo. Bwana Aboud niachie mimi.”

Nimeshinda nikilisugua sinia kwa jivu na ndimu. Iliki nimeshaitwanga, nyingi, wasije wakapata neno. Athmani bado yuko melini na hajui lolote. Atarudi na uso wake wa msiba aseme hataki kula. Nimekuwa nikimwita mpumbavu tangu juzi, na upumbavu alikuwa nao kweli. Lakini nitamwambiaje alichosema yule msichana, bila mimi kulia mbele yake?