Kamba Niliyoifunga Pale Anapooga Mama

Bi Ismay mpendwa,

Akili yangu imegonga ukuta na Jumamosi haiko mbali, ndiyo maana nakuandikia wewe, ambaye mama yangu hukusoma gazetini kila Alhamisi kabla hata hajafungua ukurasa wa matangazo ya vifo, na nakusihi usilitaje jina langu ingawa najua yeye atanitambua kwa mstari wa kwanza tu.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minane, nina mke na binti mmoja, na nafanya kazi katika hoteli moja ya ufukweni hapa Saint Peter, kaskazini mwa kisiwa, kitengo cha kuwapeleka wageni kutazama samaki na matumbawe, yaani nawavalisha miwani ya majini na mapezi ya miguuni, nawaonyesha jinsi ya kupumua kwa lile bomba bila kumeza bahari nzima, halafu naogelea nao. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na moja chini ya watu wengine, na Novemba iliyopita wakanifanya mkuu wa kitengo, wa kwanza kutoka kijiji chetu, na kichwa kilinivimba, sikufichi.

Basi meneja akaniambia wageni wengi siku hizi ni wanaoanza, wanajikwaa kwenye mawe wakiingia majini, nitafute mahali penye mchanga mtupu nipazungushie kamba ya maboya, na mimi bila kufikiri mara mbili nikachagua pale mbele ya kanisa, kwa sababu ndipo mahali pekee penye mchanga laini upande wetu, na napajua kwa kuwa hapo ndipo mama alipoanza kunichovya majini nikiwa na miezi minne. Tatizo ni kwamba hapo ndipo yeye na wenzake kumi wanapooga baharini kila alfajiri, tangu saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja, na kofia zao kichwani, maji kifuani, wanapiga soga, wanawasengenya wasiokuja, wanapooza magoti, kisha kila mtu na taulo lake huyo anaenda kunywa chai. Meneja aliniuliza kama kuna wenyeji wanaopatumia, nikamwambia hakuna. Kamba yenyewe nilitakiwa niitege kila asubuhi na kuitoa jioni, lakini vile vyuma vya kuishikilia chini ni vizito na mgongo wangu si wa kijana tena, kwa hiyo nikaiacha ikae majini usiku na mchana.

Sasa Bi Ismay, hapa ndipo pananiuma. Alfajiri ya kwanza mama akauliza hii kamba ni ya nani, wazee wote wamenikodolea macho, nami nimevaa shati la hoteli lenye jina langu kifuani, nikaona aibu kusema ni yangu, nikasema watu wa serikali wamepafunga kwa miezi sita ili matumbawe yapumzike. Unawajua wazee wetu, ukiwatajia serikali na mazingira hawabishi, walitoka majini mmoja mmoja wakiniambia asante kwa kutuarifu, mwanangu, na kuanzia kesho yake wakawa wanaenda kule kwenye gati bovu, penye mawe yenye utelezi. Wiki ya tatu mmoja wao, Mzee Alleyne, ana miaka sabini na tisa, ndiye aliyenifundisha kupiga mbizi, aliteleza pale akavunjika nyonga, na mpaka leo yuko hospitali.

Mama akaenda mwenyewe mjini, ofisi kwa ofisi, kuomba wapafungue mapema kwa sababu mtu ameumia, na huko wakamwambia hakuna amri kama hiyo na haijawahi kuwepo. Alirudi akapitia kwangu, nikamwekea kiti hakukaa, samaki alikuwa mezani hakumwangalia, akasema, "Alleyne amelazwa kwa uongo wako. Mimi nilikuwa naoga pale hoteli yako ingali shamba la miwa, na kesho naingia majini pangu." Hakupaza sauti hata kidogo, na ndicho kilichonimaliza.

Tangu siku hiyo wanakuja wote, wanainua kamba juu ya kofia zao wanaingia ndani yake, na hawatoki tena saa moja, wanakaa mpaka saa nne, na wageni wangu wanapoingia na miwani yao wazee wanaanza nyimbo za kanisani, beti zote, kiasi kwamba mgeni mmoja alitoa kichwa majini akaniuliza kama ni sehemu ya ziara. Meneja ameniita, amesema ifikapo Jumamosi ama wale wazee hawapo ndani ya kamba ama mimi sipo kwenye kazi. Mke wangu anasema ajabu yangu ni kwamba namwogopa meneja kuliko ninavyomwogopa mama aliyenizaa. Mama hanisalimii, na Jumapili kanisani alisogea benchi la mbele nilipokaa karibu naye.

Naomba unipe maneno, Bi Ismay, maneno ya upole nitakayomwambia mama akubali kurudi kule gatini hadi msimu wa wageni uishe Aprili, halafu nitamrekebishia mambo yake yote. Kazi hii siwezi kuipoteza.

Wako,
Mfunga Kamba, Saint Peter

*

Mwanangu,

Pole, na pole hiyo ishike vizuri maana ndiyo ya kwanza na ya mwisho utakayoipata kwangu. Naelewa kupandishwa cheo baada ya miaka kumi na moja, naelewa hofu ya mtu mwenye binti wa kulea, na sikuoni kuwa mtu mbaya. Nakuona kuwa mtu aliyesema jambo la ovyo mbele ya watu kumi na mmoja na tangu hapo anatafuta namna ya kutolisema tena.

Unaniomba maneno ya kumrudisha mwanamke mzima kwenye mawe yaleyale yaliyomvunja mwenzake. Umeisoma barua yako kabla ya kuibandika stempu? Umemdanganya mama yako, umemdanganya meneja wako, na sasa unanibembeleza nikutungie uongo wa tatu uwe mtamu kuliko ule wa kwanza na wa pili. Sikutungii. Miaka ishirini na sita niko kwenye ukurasa huu, nimeandikiwa na wezi na wazinzi, lakini kuombwa nimsukume bibi wa watu kwenye utelezi ndiyo mara ya kwanza.

Nikavaa miwani nikaisoma tena barua yako, maana kuna kitu kilikuwa kinanikera na sikukijua. Wazee wanaoga mpaka saa moja. Wageni wako, nijuavyo wageni wa hoteli, saa moja ndiyo kwanza wanageuka upande wa pili kitandani. Kwa hiyo ugomvi uko wapi? Haupo, na haukuwahi kuwepo. Ungeitega kamba saa mbili na nusu na kuitoa jioni kama ulivyoagizwa, mama yako angeioga bahari yake mpaka akatosheka, asiione hiyo kamba hata mara moja, na Mzee Alleyne angekuwa barazani kwake sasa hivi anapiga domino. Uliona uvivu kubeba vyuma. Nyonga ya mzee, uchungu wa mama, nyimbo za kanisani na kazi yako, vyote vimening'inia kwenye uvivu huo, na katika kurasa mbili umeutaja kwa sentensi moja, tena ukausingizia mgongo.

Usiniambie habari za ufuo ni wa nani. Kisiwani hapa hata mtoto wa shule ya vidudu anajua ufuo ni wa kila mtu, na meneja wako naye anajua, ndiyo maana hajamwita askari. Meneja hawezi kumfukuza mama yako majini. Anaweza kukufukuza wewe peke yako, kazini, kwa hiyo wewe ndiye unayepaswa kwenda kuongea naye, wala si mama yako.

Sasa sikiliza nitakavyokupanga. Leo ni Alhamisi. Ukitoka kazini jioni, nenda hospitali. Usipeleke maua, peleka shelisheli la kuchoma na samaki, kaa kwenye kile kiti kigumu, umwambie Mzee Alleyne kwa kinywa chako kwamba serikali haikufunga kitu, ni wewe. Atakachokujibu ni haki yake, na usitoke mpaka amalize.

Kesho asubuhi gonga mlango wa meneja. Mwambie hivi: "Uliniuliza kama pana wenyeji, nikasema hakuna. Nilikudanganya. Mmoja wao ni mama yangu." Kisha mwambie kamba itaingia saa mbili na nusu na kutoka saa kumi, kila siku, na vyuma utabeba wewe. Mwambie pia kwamba wazee wakirudishiwa alfajiri yao hawatakuwa na sababu ya kukaa mpaka saa nne, kwa maana hakuna mzee wa Saint Peter anayekosa chai yake kwa hiari. Akikubali, vizuri. Akikufukuza, utakuwa umefukuzwa kwa ukweli, na pwani hii yote inamhitaji mtu ajuaye samaki wanalala wapi. Utapata kazi nyingine. Itakuuma, na utapata.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Ushuke kabla yao, giza likianza kutoka, uifungue hiyo kamba uivute mpaka mchangani. Lile shati lenye jina lako liache nyumbani, vaa kaptula. Wakiingia majini, ingia nao, simama palepale uliposimama siku ile, useme mbele ya walewale uliowadanganya. Usimwite mama pembeni ukamnong'oneze, maana uongo hukumnong'oneza. Usitaje mgongo, usitaje meneja, usitaje binti. Sema nilidanganya, nilikuwa mvivu, niliona aibu, naomba msamaha, kisha funga mdomo. Akikupa mgongo, subiri. Maji hapo yanaishia kifuani na hakuna aliyewahi kuzama kwa kununiwa na mama yake. Jumapili akisogea benchi la mbele, sogea nawe.

Na usidhani nitabaki huku mjini kusubiri barua ya pili ya kunieleza ulivyokosa nafasi. Basi la kwanza la kwenda kaskazini linapita mlangoni kwangu saa kumi na moja alfajiri, na Jumamosi hii nitalipanda. Kofia ninayo, taulo ninalo, na goti langu la kushoto linanisumbua tangu Krismasi. Saa kumi na mbili nitakuwa majini na mama yako. Nikiikuta hiyo kamba, nitaifungua kwa mikono yangu mwenyewe, na wewe utasimama mchangani kunishikia taulo.

Bi Ismay