Mafuta ya Taa Yenye Harufu ya Petroli

Jumatano, mwezi wa saba. Upepo wa baridi umevuma tangu asubuhi na mlima Hanang haujavua wingu lake. Naandika mapema, jua likiwa bado linaingia dirishani, kwa sababu leo nyumba hii haiwashi taa.

Naogopa. Niliseme hilo kwanza, halafu niendelee.

Jana jioni niliwasha koroboi mezani kama siku zote. Moto haukupanda taratibu. Uliruka kwa mlio, ukashika utambi, ukashika kopo lenyewe, ukamfikia binti yangu Paulina aliyekuwa ameinama akisoma. Nilimfunika kwa blanketi, baba yake akaitupa koroboi nje. Nywele zake za mbele zimeungua na mkono mmoja una malengelenge.

Amepona. Tangu jana nalirudia neno hilo kuliko sala.

Baba Paulina ni dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la serikali, na mafuta anayajua kwa harufu. Alinusa chupa niliyonunulia mafuta dukani, akasema hii ni petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Akaniambia nimwage na nisimwambie mtu. Duka ni moja tu hapa, alisema, na mwenye duka ndiye anayeamua nani apate sukari, nani apate sabuni, na nani aambiwe vimekwisha.

Sikumwaga. Asubuhi, yeye alipokwenda kazini, nilichukua ile chupa nikaenda nayo dukani.

Njia nzima miguu ilikuwa mizito. Hata mnadani mtu akiuziwa ng'ombe mgonjwa humrudia aliyemuuzia, na hakuna anayemwita mkorofi. Kwa nini basi mimi nilitembea kama niliyeiba?

Wanawake walikuwa wamepanga foleni na chupa zao. Mwenye duka, Baba Neema, ni mtu mzima kwangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Niliweka chupa mezani nikamweleza habari ya Paulina kwa sauti ndogo. Alisema kitu kikishatoka dukani kwake hakirudi, na kwamba yeye hajui kimepita wapi baada ya hapo. Nikamjibu kwamba niliomba mafuta ya taa, basi haki yangu ni kupewa mafuta ya taa.

Hapo akaegemea mbele na kushusha sauti.

"Petroli hapa kwetu iko shambani tu, Mama Paulina. Na mume wako anafanya kazi wapi?"

Nilielewa. Petroli imekuwa ikipotea shambani, kila mtu amesikia. Neno moja la mtu huyu likifika ofisini, mume wangu atalala mahabusu. Nilinyoosha mkono niichukue chupa yangu niondoke.

Sijui nilizuiwa na nini. Labda ni harufu ya blanketi lililoungua, kwa maana bado ilikuwa kwenye nguo zangu. Nilijikuta nikisema, "Basi jaza koroboi kwa mafuta ya pipa lako uiwashe hapa, wewe mwenyewe. Ikiwaka vizuri nitakuomba msamaha mbele ya hawa wote."

Koroboi zilikuwa zimening'inia juu ya kichwa chake. Viberiti vilikuwa nyuma yake. Hakugusa hata kimoja. Alisema hana muda wa michezo, lakini foleni nzima ilikuwa imeshaona. Bibi mmoja wa Kibarabaigi, ambaye chupa yake ilikuwa imeshajazwa, aliirudisha mezani. Mwingine akamfuata. Baba Neema akatangaza kwamba anafunga duka.

Nilirudi na chupa yangu. Nimeificha nje, mbali na jiko.

Alasiri alikuja Mama Neema, mke wake. Tunaimba naye kwaya moja kigangoni. Alitoa sukari chini ya shuka, akaiweka mezani, akasema mume wake anataka tuyamalize kijirani: niwaambie watu kwamba huenda nilikosea chupa nyumbani kwangu. Nilimuuliza nisipokubali itakuwaje. Akasema mume wake ana marafiki ofisini, na macho yake hayakunitazama.

Alipofika mlangoni alisimama. Aliutazama mkono wa Paulina kwa muda.

"Sisi nyumbani tunawasha mshumaa," alisema. "Tangu pipa hili lilipokuja."

Akajitanda shuka na kuondoka haraka.

Baba Paulina amerudi sasa hivi. Nimemwambia yote, nikitegemea atanigombeza. Amekaa kizingitini, vumbi la ngano kwenye nyusi. Kisha amesema wakitaka kumkamata watamkamata, tule sukari hiyo au tusile. Kesho ataomba ruhusa kazini twende pamoja kwa balozi wa nyumba kumi, tukiwa na ile chupa, kabla maneno mengine hayajatutangulia.

Amesema hivyo, lakini chakula hajakigusa.

Je, wale wanawake wa foleni watakubali kusema walichokiona? Nao wana watoto, nao wanahitaji sabuni. Na Mama Neema, akiulizwa, atayarudia maneno yake au atasema hakufika hapa? Siwezi kumlaumu. Yeye analala kwenye nyumba ile.

Paulina ameuliza kama kesho uji utakuwa na sukari. Nimemwambia hapana. Amelia kuliko alivyolia kwa moto, na mimi nimegeukia ukutani asinione.

Kesho, kabla ya kwenda kwa balozi, nitapita dukani mlango ukiwa wazi na watu wakiwepo, niiweke sukari yao pale mezani. Najua sauti yangu itatetemeka. Itetemeke, bora isikike.