Viti vya Vibwengo

Carrowkeel, Mayo
Mei 12, 1996

Dada yangu mpendwa Concepta,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani, nazo zimelowa kidogo kama kila kitu hapa. U hali gani, na mgongo wako je? Shemeji Walter na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mama ni mzima wa mwili. Mengine nitakueleza, ila tafadhali barua hii usiisome mbele ya shemeji.

Majira ya kuchipua yamekuja na mbwembwe zake. Mvua inanyesha asubuhi, jua linachungulia, kisha mvua inarudi kama imesahau kitu. Vichaka vya miiba vimejaa maua ya njano mpaka kilimani, na wanakondoo wa jirani yetu Malachy hawatulii. Na wageni, Dada, wamefurika! Sisi tuliokulia kwenye tope hili tulikimbia mvua maisha yetu yote, kumbe kuna watu wanapanda ndege kuifuata. Wiki iliyopita nilikuwa na mama mmoja wa Arizona, Bi. Lorna, ambaye kwao mwaka unapita bila wingu la maana. Aliposhuka kwenye basi langu dogo la watalii alikataa mwavuli, akainua uso mvua imnyeshee, akatokwa na machozi. Aliniambia hakujua kwamba dunia ina rangi za kijani nyingi hivi. Nikamwambia nyingine bado ziko ghalani.

Waujua ulimi wangu. Mgeni akiniuliza swali, siwezi kumwacha aondoke na jibu la huzuni. Ni ugonjwa wetu sote. Hata tukiulizwa njia twasema ni hapo tu, kumbe ni mwendo wa nusu siku. Lakini mimi nimezidi.

Sasa nisikuzungushe. Unakikumbuka kile kiwanja cha wachanga, chini ya mti wa miiba upande wa ziwani? Ulikuwa ukinivuta sikio nisichezee huko, kwa kuwa ndiko walikozikwa watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, ambao padri hakuwaruhusu makaburini. Nilijua, Dada. Sina pa kujificha. Ila nilidhani ni wa zama za kale, watoto wasio na mtu. Kikundi changu cha kwanza kiliposimama pale kupiga picha, waliniuliza vile vijiwe vimepangwa kwa ajili gani. Kulikuwa na manyunyu, mti umechanua maua meupe, watu wana raha zao. Nikaona nikisema kweli nitawaharibia siku. Nikasema ni viti vya vibwengo, hukaa hapo wakishona viatu vyao na kuwasengenya binadamu. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo hakuna kituo kinachopendwa kama hicho. Wageni huvikalia vile vijiwe, hupigwa picha, na wengine hufumba macho wakaomba bahati.

Mama alikuwa hajapanda basi langu hata mara moja. Kila nikimwalika alisema haoni sababu ya kubebwa kwenda kutazama shamba la jirani. Jumatano iliyopita, sijui alipatwa na nini, alivaa koti lake la kanisani akaketi kiti cha mbele. Ilikuwa siku laini, yale manyunyu ambayo mtu hajui amelowa mpaka afike nyumbani. Alichangamka, akamtania Bi. Lorna kwamba akizidi kuacha mdomo wazi atarudi kwao amejaa kama pipa. Nami nikajiona bingwa. Tulipofika pale nikaanza hadithi yangu kama kawaida, wala sikumtazama Mama. Bi. Lorna alichagua kijiwe cha mwisho, kilichoegemea mti, akaketi, akacheka mbele ya kamera.

Mama akashuka. Alitembea kwenye nyasi ndefu bila haraka, akamwinamia yule mgeni, akasema kwa upole kama mtu anayeomba kupita:

"Samahani, mama. Hapo umemkalia mwanangu."

Concepta, tulikuwa na kaka. Alizaliwa mwaka mmoja kabla yangu, wewe ukiwa umepelekwa kwa shangazi, akafa kabla padri hajafika. Baba alimbeba peke yake chini ya koti. Aliporudi alimweleza Mama ni jiwe lipi, na wakakubaliana wasilitaje tena. Hayo Mama alitueleza pale pale, mvuani, mbele ya wageni. Bi. Lorna alilia, akaomba radhi tena na tena mpaka ikawa Mama ndiye anayembembeleza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulipokwisha kuwashusha wageni, Mama aliniuliza nimeisimulia hadithi ile tangu lini. Nikamwambia tangu nianze kazi. Nilingoja anitukane, na laiti angenitukana ningepumua. Akasema:

"Basi wewe umempelekea watu. Mimi naliona jiwe lile kutoka dirishani, na sikumwendea hata siku moja. Niliogopa watu wataniona."

Dada, aibu imenivaa na haivuliki. Jana nilipita pale na kikundi kipya, wakaniuliza viti vya vibwengo viko wapi, maana wenzao walikwisha kuwasimulia. Nikawaambia njia imeharibika. Unaona? Uongo mwingine. Mama anataka nimpeleke tena Jumapili ijayo, baada ya misa, mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama. Nimemwambia tungoje mvua ikatike. Ananitazama tu, kwa sababu anaijua mvua ya kwetu, na ananijua mimi.

Njoo, Dada. Njoo umshike mkono mmoja, huenda nikathubutu kumshika wa pili.

Msalimie shemeji, uwabusu watoto. Malachy anakusalimu na anasema wanakondoo mwaka huu ni wengi. Mama pia anakusalimu, na ameniamuru niandike hivi hivi: anakusalimu yeye na watoto wake wawili walio huku.

Mdogo wako,
Attracta