Mbuzi Chini ya Karavani

Mama, shikamoo. Utanisamehe mwandiko, naandikia gotini. Tumepiga kambi mtoni, nje kidogo ya Sydney, na wenzetu wenye karavani, zile nyumba zinazokokotwa na gari. Mkweo Salim akaifungua yetu kwenye gari kabla ya kuweka kabari kwenye magurudumu. Ikaanza kuteremka kuelekea majini, na mwanetu Zuhura amelala ndani. Wenzetu wakaacha chai zao, wakaing'ang'ania, ikawaburuta. Nikanyakua mbuzi ya nazi, nikaisokomeza chini ya tairi. Karavani ikasimama.

Ile mbuzi uliyonibebesha kwa nguvu, nikanuna hadi uwanja wa ndege, imepasuka vipande viwili. Salim hajathubutu kuuliza chakula. Mjukuu wako hata hakuamka.

Ubaki salama, mama, na ukipata msafiri mpe mbuzi nyingine. Miteremko bado ipo.

Mwanao, Mwanaidi